Ruzuku za utafiti wa jenomu unaoshirikisha sayansi ya jamii na wanajamii: pesa hukwama wapi? (Uzi maalumu)

Nasaba (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kila msimu wa maombi swali hili hurudi, basi tuliweke sehemu moja. Wafadhili wengi wa utafiti wa jenomu (DNA yote ya kiumbe) sasa wanataka timu iwe na wanasayansi ya jamii pamoja na wanajamii wenyewe, si watu wa maabara peke yao. Andiko linakuja na aya tatu tamu kuhusu ushirikishwaji. Ukifungua jedwali la bajeti, karibu pesa yote imekwenda kwenye usomaji wa jenomu na seva, mwanasosholojia kawekewa siku mbili kwa mwezi, na jamii ina kasma moja yenye neno moja: "mikutano". Mpitiaji mzoefu huanza na jedwali, aya anazisoma baadaye.

Wazo lenyewe si geni. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulipoanza 1990 ulitenga asilimia 3 ya bajeti kwa masuala ya maadili, sheria na jamii, kisha ikapanda hadi 5. Huko ndiko lilikotoka jina ELSI. Genome Canada, wafadhili wa jenomu wa Kanada, nao wana mpango wa aina hiyo uitwao GE3LS, na kwa miaka mingi wamedai miradi yao mikubwa ibebe utafiti huo ndani yake. Lawama iliyoiandama ile asilimia ya pembeni ni kwamba ilizaa maandishi mengi juu ya jenomu bila kuwa na sauti kwenye maamuzi: nani achukuliwe sampuli, sampuli ikae wapi, nani aifungue. Msimamo wangu ni huo huo. Mwanasayansi ya jamii asiyeweza kubadilisha itifaki ya maabara ni pambo tu kwenye andiko.

Tuanze na kalenda, maana hapo ndipo wengi huumia. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya wito.

Miezi 9 hadi 12 kabla: mazungumzo na jamii kuhusu swali lenyewe la utafiti. Fomu ya ridhaa bado sana. Hatua hii mara nyingi haina mfadhili, kwa hiyo tafuta ruzuku ndogo ya mbegu au fungu la ndani la taasisi. Miezi 5 kabla: hati ya dhana ya kurasa 2, majukumu yamegawanywa kwa majina, bajeti ya awali ipo.

Miezi 3 kabla: usajili. Kwa NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mfadhili mkubwa) taasisi lazima iwe imesajiliwa SAM.gov, tovuti ya wapokeaji wa fedha za serikali ya Marekani, na iwe na namba ya utambulisho ya UEI. Taasisi ya nje ya Marekani inahitaji na msimbo wa utambulisho wa NCAGE kabla. Halafu akaunti ya eRA Commons, mfumo wa maombi wa NIH. NIH wenyewe wanashauri uanze angalau wiki 6 kabla, lakini jina la taasisi likiandikwa tofauti hata kwa herufi moja kati ya mfumo na mfumo, wiki 6 hazitoshi. Usajili wa SAM huisha kila mwaka. Kwa Horizon Europe, mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, kila mshirika anahitaji namba ya utambulisho ya PIC ya tarakimu 9, hiyo ni nyepesi zaidi.

Wiki 6 kabla: kama gharama za moja kwa moja zinafika dola 500,000 au zaidi katika mwaka wowote, NIH wanataka uombe idhini ya kuwasilisha. Ukikosa, andiko linarudishwa bila kusomwa.

Haya, wajuzi shusheni nondo.

---

Mfukunyuzi

Nipo siti ya mbele. Swali la kizushi: sayansi ya jamii iwekwe kama kifurushi cha kazi kinachojitegemea, au isambazwe ndani ya vifurushi vyote?

---

Nasaba

Yote mawili, na usione nakwepa. Kifurushi chake kinaipa bajeti, mkuu wa kazi na machapisho. Bila hicho, pesa ikipungua mwaka wa pili inamezwa na vitendanishi vya maabara. Lakini andiko lazima pia lionyeshe vituo vya uamuzi, yaani sehemu ambapo kazi ya maabara inasimama mpaka matokeo ya upande wa jamii yafike. Mfano: "Mwezi wa 8: ripoti ya vikundi vya majadiliano; Mwezi wa 9: itifaki ya ukusanyaji inarekebishwa; Mwezi wa 10: sampuli ya kwanza." Ukiwa na chati ambayo sampuli zinaanza mwezi wa 3 na ripoti ya jamii inatoka mwezi wa 14, mpitiaji ameshajua nani ni dereva na nani kapakiwa nyuma.

Na uongozi. NIH wanaruhusu watafiti wakuu zaidi ya mmoja kwa sharti la mpango wa uongozi unaoeleza nani anaamua nini na mgogoro unatatuliwaje. ERC Synergy, ruzuku ya Baraza la Utafiti la Ulaya, imejengwa kwa watafiti wakuu 2 hadi 4, mpaka euro milioni 10 kwa miaka 6, na kuchanganya fani ndiyo roho yake. Mwanasayansi ya jamii akae ngazi hiyo, si kwenye orodha ya "washauri".

---

Bi Mizani

Nakuja na upande wa fedha. Kasma inayokadiriwa vibaya kuliko zote ni kazi ya maneno. Watu wanapanga bajeti ya kurekodi mahojiano, wanasahau kuyageuza maandishi.

Chukua mradi wa kawaida: mahojiano ya kina 30 ya saa moja moja, na vikundi vya majadiliano 12 vya dakika 90, kila kikundi watu 6 hadi 10.

Mahojiano: saa moja ya sauti hula takriban saa 6 za unukuzi ukiwa makini. 30 × 6 = saa 180.
Vikundi: sauti zinapandana, weka saa 8 kwa kila saa ya sauti. Saa 18 × 8 = 144.
Jumla 324. Kama lugha ya uwanjani siyo lugha ya uchambuzi, tafsiri inakula kama muda ule ule tena: 648.
Mtu hawezi kunukuu kwa ubora zaidi ya saa 6 kwa siku. 648 ÷ 6 = siku 108. Kwa siku 22 za kazi kwa mwezi, ni karibu miezi 5 ya mtu mmoja, na hapo hata kuweka misimbo ya uchambuzi (kupanga kauli za watu kwa mada) hajaanza.

Programu za kunukuu zenyewe zinapunguza muda kwa lugha kubwa. Kwa lugha zenye maandishi machache, au mazungumzo yanayochanganya lugha mbili kwenye sentensi moja, kusahihisha makosa yake kunaweza kuchukua muda ule ule. Usikate kasma kwa kutegemea programu kabla ya kuijaribu kwa dakika 20 za sauti halisi.

Upande wa pili, hesabu za kompyuta nazo ziwekwe kwa uwazi ule ule. Jenomu nzima kwa kina cha 30x (kila sehemu kusomwa wastani wa mara 30), ukijumlisha mafaili ghafi na ya kati, weka GB 150 kwa mtu wakati wa uchakataji. Watu 500 ni TB 75. Ukishamaliza na kubakiza CRAM (faili la data lililobanwa) peke yake, hesabu GB 20 kwa mtu, yaani TB 10, nakala mbili TB 20. Wengi huomba hifadhi ya TB 75 kwa miaka mitano yote wakati wanaihitaji kwa miezi michache. Tofauti hiyo pekee inaweza kulipa wale wanukuzi.

---

Kizibo cha Zambarau

Dada Mizani umenena. Naongezea mfano unaoonyesha kwa nini sauti ya jamii inagusa bajeti ya maabara moja kwa moja, maana wenzangu wa maabara hudhani hizi ni bajeti mbili tofauti.

Damu au mate? Damu ya ml 5 kwenye chupa ya EDTA (kizibo cha zambarau) inatoa DNA nyingi na safi. Usiweke kwenye chupa ya heparini, inazuia PCR (njia ya kunakili DNA). Sasa vikundi vya majadiliano vikisema watu hawataki kutolewa damu, unahamia mate. Mate yanakaa kwenye joto la kawaida ndani ya kimiminika chake cha kuhifadhi, kwa hiyo gharama ya mnyororo wa baridi inashuka. Lakini sehemu ya DNA ya mate ni ya bakteria wa kinywani. Usomaji unaoulipia hauangukii wote kwenye jenomu ya mtu, na kiasi kinatofautiana sana mtu na mtu. Ili kila mtu afike 30x lazima ununue usomaji wa ziada na uweke akiba ya sampuli za kurudia. Halafu kifaa cha mate ni ghali kuliko chupa ya damu.

Kwa hiyo jibu la wazee na akina mama kwenye kikao cha mwezi wa 8 linahamisha pesa kwenye kasma nne. Andiko lililofunga bajeti kwa "damu ml 5 × 1,000" kabla ya kuuliza limeshaamua kwa niaba ya watu. Weka bajeti za njia zote mbili kwenye maelezo ya gharama, useme ni kituo gani cha uamuzi kitachagua.

---

Mfukunyuzi

Kumbe. Na ridhaa ya ngazi, ile ya mtu kuchagua "utafiti huu tu" au "tafiti zijazo pia", inagharimu nini cha ziada zaidi ya karatasi?

---

Kizibo cha Zambarau

Karatasi ndiyo rahisi. Kazi ni kuifanya ile alama ya vema itembee na chupa.

Tuseme fomu ina visanduku vinne: (a) ugonjwa huu tu, (b) magonjwa mengine, (c) historia ya asili na uhamaji wa watu, (d) sampuli kuvuka mpaka. Mshiriki namba 0417 kaweka vema a na b tu. Sampuli yake inatolewa DNA, inagawanywa vichupa vitatu, kimoja kinaenda kusomwa, data inazaliwa. Kama hifadhidata ya maabara haina safu ya ruhusa iliyoungwa na msimbopau wa kila kichupa, baada ya miaka mitatu mwanafunzi wa uzamivu anachomoa sampuli zote 1,000 kwa ajili ya swali la uhamaji, na 0417 yumo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Safu tu haikuwepo.

Hivyo bajeti iwe na: mtu wa hifadhidata (angalau robo ya muda wake kwa mwaka wa kwanza), uingizaji wa ridhaa mara mbili na watu wawili tofauti, na jaribio la kujiondoa. Chukua washiriki watano wa kubuni, wajiondoe, uone kama mfumo unaweza kutaja kila kichupa na kila faili lao. Andika pia wazi kwenye fomu kwamba data iliyokwisha kutolewa kwa watafiti wengine au kuchapishwa haiwezi kuvutwa nyuma.

Wanaodhani ni urasimu wakumbuke Havasupai, kabila la wenyeji wa Arizona, Marekani. Sampuli za damu zilichukuliwa miaka ya 1990 na watafiti wa Arizona State University, watu wakijua ni kwa ajili ya kisukari. Zikatumika pia kwa skizofrenia, kuoana ndani ya ukoo na asili ya kabila. Mwaka 2010 chuo kikalipa dola 700,000 kwa wanajamii 41 na kurudisha sampuli. Sampuli zilizotumika ni halisi, maabara ilikuwa halisi, kilichovunjika ni mipaka ya matumizi.

---

Mhariri wa Lugha

Nadandia hapo kwenye fomu. Tafsiri ya ridhaa isipangiwe bajeti ya "mfasiri 1". Mnyororo wake ni: tafsiri ya kwanza, tafsiri ya kurudisha na mtu ambaye hajaona asilia, kikao cha kupatanisha, kisha majaribio na watu 10 hadi 15 ambao wanasimulia kwa maneno yao walichoelewa. Kinachoharibika ni maneno madogo. Kwa Kiswahili tu: ukisema "vinasaba", msikilizaji anasikia nasaba, yaani ukoo, na swali linalofuata ni nani mtoto wa nani. Ukisema "jeni", hasikii kitu. Ukisema "kupima DNA", kichwani tayari yuko kwenye kesi ya baba wa mtoto. Maneno yote matatu ni sahihi, na kila moja litakuletea kikao tofauti. Kuchagua ni kazi ya utafiti, ina haki ya kuwa na siku zake na posho zake.

Na hilo la baba wa mtoto si mzaha. Ukipanga kusoma jenomu za baba, mama na mtoto kwa pamoja, kuna familia ambazo data itaonyesha baba siye. Sera ya nini kitafanyika iandikwe kabla ya sampuli ya kwanza. Miradi mingi huamua taarifa hiyo haitolewi kwa mtu yeyote, na fomu inasema hivyo.

---

Bi Mizani

Turudi kwenye pesa kufika kwa jamii, maana huku ndiko miradi mizuri inakofia.

Tatizo la kwanza: malipo baada ya kazi. Mkataba mdogo wa kawaida unamtaka mshirika atumie kwanza, alete hati ya madai kila robo mwaka, kisha arudishiwe. Chuo kina akiba ya kubeba miezi minne. Chama cha wagonjwa au baraza la wenyeji hakina. Linaanza kukopa, au kazi inasimama na nyie mnaandika "ucheleweshaji wa mshirika". Dawa: omba ndani ya mkataba masurufu ya robo ya kwanza, yajazwe upya kila marejesho ya asilimia 70 au 80 yakikubaliwa. Au mkataba wa hatua: kikao kikifanyika na mahudhurio yakaletwa, kiasi kilichokubaliwa kinalipwa, bila kuchambua stakabadhi moja moja.

Tatizo la pili: gharama za uendeshaji. NIH hulipa taasisi za nje ya Marekani asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja zilizorekebishwa. Horizon Europe hulipa asilimia 25 kwa mkupuo, ila kazi ya ukandarasi mdogo haiingii kwenye hesabu hiyo. Matokeo yake: shirika la jamii likiwekwa kama mkandarasi halipati chochote cha kulipia ofisi, umeme na mhasibu wake, likiwekwa kama mshirika kamili linapata, ila linabeba masharti ya ukaguzi. Waulizeni wenyewe wanataka lipi, wakiwa na tarakimu mezani.

Tatizo la tatu: posho za bodi ya ushauri. Watu 12 × vikao 4 × miaka 5 = mahudhurio 240. Kila hudhurio lina nauli, chakula, fidia ya muda, na pengine malezi ya mtoto au mkalimani wa ishara. Andiko likiweka bodi bila namba 240 popote, bodi hiyo itakutana mara mbili kisha kimya.

Tofautisha pia kurudisha gharama, kulipa muda, na kushawishi. Kamati ya maadili itauliza. Kiwango kilinganishwe na malipo ya kawaida ya kazi ya muda huo, na kitolewe hata mtu akikataa kutoa sampuli baada ya kusikiliza maelezo.

---

Kinara wa Mashaka

Wakuu mnasema "jamii" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye akaunti ya benki. Jamii ni nani? Mkutano wa hadhara unajaa wanaume watu wazima, chama cha wagonjwa kina waliopona na wenye muda, viongozi wana maslahi yao. Unalipa bodi miaka mitano, inageuka kuwa wafanyakazi wa mradi. Nani ataikosoa kazi inayomlipa?

---

Nasaba

Hoja nzito, na haiishi kwa kuongeza viti. Yanayosaidia: muda wa ujumbe uwe na kikomo, theluthi moja ibadilike kila mwaka, kumbukumbu za vikao zichapishwe pamoja na mambo ambayo mradi ulikataa na sababu, na kasma ndogo ya uchunguzi wa ushirikishwaji wenyewe ifanywe na mtu asiye chini ya mtafiti mkuu. Hiyo ya mwisho ni kazi halali ya sayansi ya jamii, ila watafiti wakuu hawaipendi kwa sababu inawaangalia wao.

Halafu kuna madhara ya kundi. Mtu mmoja akitoa ridhaa, taarifa inamgusa ndugu na kabila zima. Majina ya watu yakifichwa, jina la kundi bado liko kwenye kichwa cha makala. Baada ya jenomu za Wasan wanne kuchapishwa 2010, viongozi wa Wasan wa kusini mwa Afrika walipinga namna ridhaa ilivyochukuliwa na lugha iliyotumika kuwaelezea. Mwaka 2017 wakatoa kanuni zao za maadili ya utafiti: heshima, uaminifu, haki, kujali, na utaratibu unaofuatwa kabla mtafiti hajaanza. Mwenye mradi kwao leo anapaswa kupitia utaratibu huo, na muda wake uwe kwenye chati ya kazi.

---

Hazina Wazi

Nami niguse data. Kuna mvutano ambao wapitiaji wanaujua, usiufiche. Kanuni za FAIR (2016) zinataka data ipatikane na itumike tena. Kanuni za CARE (2019), zilizotoka kwa watu wa asili, zinauliza nani ananufaika na nani ana mamlaka. Sera ya NIH ya usimamizi wa data iliyoanza 25 Januari 2023 inadai mpango wa data kwenye kila ombi la utafiti litakalozalisha data za kisayansi, na inaruhusu gharama zake ziingie kwenye bajeti. Watu wanaandika "data itawekwa dbGaP au EGA, kwa masharti" (hizo ni hifadhi za data za jenomu, moja ya Marekani na nyingine ya Ulaya) na kuishia hapo.

Andika badala yake: kamati ya kufungulia data ina wajumbe 7, kati yao 3 kutoka jamii; maombi yanajibiwa ndani ya siku 30; ombi linalogusa asili ya watu au tabia linahitaji angalau wajumbe wa jamii wawili kukubali; muhtasari wa kila ombi unaandikwa kwa lugha ya kawaida, ukurasa mmoja. Kisha toa jibu la swali linalosahaulika: nani analipa kamati baada ya mwaka wa 5? Ruzuku inaisha, maombi ya data yanaendelea kwa miaka kumi. Ama taasisi mwenyeji iandike barua ya kubeba gharama kwa muda uliotajwa, ama mamlaka yahamie kamati ya kudumu. Barua hiyo ina uzito kuliko barua kumi za sifa.

Na msichanganye: Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inahusu mgawanyo wa faida za rasilimali za kijenetiki za mimea, wanyama na vijidudu. Jenomu ya binadamu haimo. Maandiko yanayoitaja kama ngao ya washiriki yanajianika.

---

Mfukunyuzi

Na kurudisha majibu kwa washiriki? Wafadhili wanasema "tunahimiza" bila kusema nani alipe.

---

Kizibo cha Zambarau

Kuna majibu ya aina mbili. Yale ya jumla, kwa jamii nzima: ni vikao, redio, picha. Hayo yapangiwe kila mwaka, yasisubiri makala itoke.

Ya mtu binafsi ni mlima. Chama cha jenetiki ya kitabibu cha Marekani, ACMG, kilitoa 2013 orodha ya jeni 56 ambazo matokeo yake hatari yanastahili kuambiwa mtu. Kufikia 2023 zilikuwa 81. Orodha hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya huduma ya hospitali, utafiti haulazimiki kuifuata, ila wapitiaji watauliza msimamo wako. Ukitumia makadirio ya asilimia 2 kwa washiriki 1,000, jiandae kwa watu 20. Kila mmoja: sampuli ya pili, uthibitisho kwenye maabara ya kitabibu (jibu la maabara ya utafiti halitoshi kumtibu mtu), vikao viwili vya ushauri nasaha wa kijenetiki, rufaa, na ndugu wanaotaka kupimwa. Kwa makundi ambayo hayajasomwa sana, mabadiliko mengi yataangukia "maana haijulikani", na mtaalamu wa kuyapitia anahitaji muda zaidi. Utafiti wa H3Africa, mtandao wa utafiti wa jenomu barani Afrika, uliochapishwa 2020 ulisoma jenomu nzima za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na ukakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameelezwa kabla. Hebu fikiria kazi ya kutafsiri hapo.

Na kama eneo halina matibabu ya hilo jibu? Hapo jamii iulizwe kabla. Wengine watasema tuambie hata hivyo, wengine hawataki. Mtaalamu wa jenomu hana zana ya kulijibu hilo.

---

Mpitiaji Mstaafu

Neno fupi kutoka upande wa meza ya mapitio. Paneli za jenomu zina watu wengi wa takwimu. Wakiona "mahojiano 30" wanauliza nguvu ya kitakwimu iko wapi, yaani kama idadi inatosha kuthibitisha jambo. Waandikie aya moja: sampuli inachaguliwa kwa makusudi kulingana na jinsia, umri, na uhusiano na ugonjwa, ukusanyaji unaendelea hadi mahojiano mapya yasilete mada mpya, misimbo inawekwa na watu wawili na tofauti zinajadiliwa. Aya hiyo isipokuwepo, alama zinashuka kwenye umakini wa mbinu. Tangu Januari 2025 NIH wanapima mambo matatu: umuhimu, umakini na uwezekano, na utaalamu na rasilimali. La tatu halipewi alama, linatajwa tu kama linatosha. Kwa hiyo ushirika wa jamii ukiuficha kwenye sehemu ya "timu yetu", hauongezi alama hata moja. Uweke kwenye mbinu.

---

Mfukunyuzi

Wakuu la mwisho. Mshirika mkuu yuko Marekani, sisi tuko nje na tulikuwa tuwe mkataba mdogo wa NIH. Bado inawezekana?

---

Bi Mizani

Mei 2025 NIH walitangaza kwamba hawatatoa tena ruzuku mpya au za kuendeleza zenye mikataba midogo ya nje mpaka mfumo mpya wa malipo uwe tayari, mfumo ambao mshirika wa nje ataunganishwa na ruzuku kuu lakini atawajibika kwa NIH moja kwa moja. Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari mmoja, msome tangazo la wito wenyewe na mwongozo uliopo siku hiyo, kisha mshirika wenu amwandikie afisa wa programu na apate jibu kwa maandishi. Usajili wenu wa SAM, NCAGE na eRA anzeni leo bila kusubiri jibu. Na kumbukeni mwombaji wa nje haruhusiwi bajeti ya moduli (ya mafungu ya jumla), ni ya kina, kasma kwa kasma. Zile saa 648 mtazihitaji.

---

Mfukunyuzi

Shukrani dada. Naomba basi mtu atupie mfano wa ukurasa wa vituo vya uamuzi alioutaja mleta uzi.

---

Nasaba

Jedwali la safu tano linatosha: mwezi, swali linaloamuliwa, nani anapiga kura, ushahidi gani unaletwa mezani, kazi gani inasimama mpaka jibu litoke. Mistari 5 hadi 7, isizidi. Mstari wa kwanza mfano: *Mwezi 9 | damu au mate | bodi ya ushauri, watafiti wakuu wote wawili | ripoti ya vikundi 12, bei za vifaa | ununuzi wa vifaa vya kukusanyia*. Safu ya tano ndiyo wapitiaji wanaiangalia kwanza. Ikiwa tupu kwenye mistari yote, futa jedwali.